Shajara ya mradi: dashibodi ya mbao na injini inayokataa juu ya Kano

Wiki ya 1, Jumamosi usiku

Naanza kuandika juu nikiacha kwa kichwa itapotea. Mradi ni huu: natengeneza dashibodi ya ndege ya mbao, Cessna 172 ile ya zamani yenye kabureta (kile kifaa kinachanganya mafuta na hewa), nakaa nayo kwa chumba changu hapa Manyatta, Kisumu, nafanya mazoezi ya injini kukataa hewani mpaka mikono izoee. Masaa yangu ya kuruka yamesimama kwa sababu ile ya kawaida, pesa, na mwanafunzi wa urubani akikaa chini miezi mitano anaoza.

Lakini sababu yenyewe ni kitu kilitokea kabla nisimame. Tulikua tunatoka uwanja wa Wilson, Nairobi, na mwalimu tukija Kisumu, tumeshavuka Kericho, tunashuka pole pole kuingia bonde la Kano, mvua ilikua imenyesha na mawingu yamebaki vipande vipande, hewa nzito ya ziwa ile unaisikia mpaka kwa shati. Nikaacha kushuka, nikarudisha nguvu, injini ikakaa kwa mizunguko 2,300 hivi kwa dakika alafu bila mtu kugusa kitu ikaanza kurudi, 2,200, 2,100, na ikakohoa. Mimi nikafanya nini? Nikachukua kile kijitabu cha cheklisti, orodha ya hatua za kufuata, kwa mfuko wa mlango. Ukurasa wa kwanza wa dharura, injini kuzima ukiwa bado kwa ranwei. Ukurasa mwingine, moto wakati wa kuwasha. Nikalamba kidole nikiendelea kufungua kama mtu anatafuta Zaburi na kwaya imeshaanza kuimba, na huku mkono wa kushoto unavuta usukani bila mimi kujua, ati tusishuke, na kasi imetoka noti 95 (noti ni maili ya baharini kwa saa) imefika 72.

Mwalimu hakupiga kelele. Alisukuma pua chini na vidole viwili tu akasema, "Joto la kabureta." Nikavuta kile kitufe. Injini ikawa mbaya zaidi! Ilitetemeka kama matatu ya Bondo imepita juu ya bampu bila kuona, na mimi kwa akili yangu nikaona nimeharibu, nikarudisha kitufe ndani. Hapo ndio alinichapa mkono. "Wacha hapo!" Akavuta tena, akakishikilia yeye mwenyewe. Ikatetemeka, ikatema, nusu dakika hivi ndefu kuliko ibada ya mazishi, alafu ikapanda yenyewe mpaka 2,300 kama hakuna kitu kimefanyika.

Barafu. Kisumu, nyuzi 27 nje, barafu kwa injini. Nikiambia watu hapa mtaani wanacheka. Lakini mafuta yakigeuka mvuke ndani ya kabureta, na hewa ikipita mahali pembamba, joto linaanguka sana, linaweza kuanguka nyuzi 30 na zaidi, na hewa ikiwa imejaa unyevu ule unyevu unaganda pale pale kwa koo ya kabureta. Ndio maana inaweza kukupata hata siku ya jua, na hasa ukiwa umepunguza nguvu unashuka. Ukivuta joto, barafu inayeyuka, injini inameza maji, lazima ikohoe kwanza kabla ipone. Nilikua nimesoma hiyo kitu. Nilikua nimepita hata mtihani wake.

Kwa hivyo shida yangu niliiona hivi: mimi ni slo. Mradi ni wa kuondoa uslo. (Tutaona.)

Wiki ya 2, Jumanne

Kibuye leo, kwa fundi wa mbao. Nimenunua plaiwudi, kipande kilibaki kwa kabati ya mtu, akanikatia na matundu kulingana na mchoro niliprinti. Mzee akageuza mchoro mara tatu.

"Hii ni dashibodi ya lori gani?"

"Ya ndege, fundi."

"Ndege iko wapi?"

"Itakua kwa nyumba."

Akaniangalia, akasema sawa, akaongeza shilingi mia mbili.

Vifaa ni vya kuokoteza. Swichi ya ufunguo nimetoa kwa bodaboda iliyokufa. Kile kitufe cha joto la kabureta nimetumia choki ya pikapu ya zamani, na kusema ukweli ni kitu kilekile, unavuta waya, ina ule ugumu wake. Koki ya mafuta ni koki ya maji ya kawaida, nimeifunga chini kwa sakafu katikati ya viti kama ilivyo kwa ndege, juu ni lazima mkono ujue kwenda chini bila macho kufuata. Mpangilio ni muhimu kuliko urembo: kushoto joto la kabureta, katikati nguvu, kulia kile chekundu cha mchanganyiko wa mafuta na hewa. Zikikaa inchi mbili vibaya mkono utajifunza uongo.

Kila kitufe kina waya inaenda kwa Arduino, kale kakompyuta kadogo ka kusoma swichi, Arduino inaongea na laptopu, laptopu ina simuleta, programu ya kuigiza kuruka. Hiyo sehemu sitaandika sana, ilikula usiku mbili na ni makosa ya kijinga tu, waya moja ilikua imeingia shimo la jirani.

Wiki ya 3, Alhamisi

Kadi. Hapa nimekaa sana na bado sijaridhika.

Kijitabu kile cha ndege ni kizuri ukiwa umekaa mezani na chai. Kila kitu kiko. Shida ni kwamba kimepangwa kwa mtu mwenye wakati, na ukurasa unaoutaka haukai mahali kidole kinatua. Nikakumbuka ile ndege ya US Airways iliyotua mtoni Hudson, New York, tarehe 15 Januari 2009. Ndege wa porini waliingia injini zote mbili wakiwa kama futi 2,800 tu, na cheklisti ya injini mbili kuzima ilikua kurasa 3, imeandikwa kwa mtu aliye juu ya futi 20,000. Skiles, rubani msaidizi, alisoma kwa kasi yake yote na hakumaliza hata nusu. Kutoka kugongwa mpaka majini ni sekunde 208. Kapteni Sullenberger aliwasha ile injini ndogo ya nyuma, ya stima, mapema kabisa bila kungoja orodha ifike hapo, na hiyo ilisaidia ndege kuendelea kumsikiliza. Watu wote 155 walitoka. Sasa mtu akisikia hiyo anaweza kusema cheklisti haina maana. Hapana. Mimi nasoma kwamba karatasi ina urefu wake na anga ina urefu wake, na lazima ujue ni ipi inaisha kwanza.

Kwa hivyo kadi yangu ina pande mbili tu. Mbele ni mambo ya kichwani, yale unafanya bila kusoma alafu unasoma kuhakikisha: kasi noti 65, joto la kabureta nje, koki kwa tangi zote mbili, mchanganyiko ndani kabisa, ufunguo kwa zote mbili (magneto, zile mbili za kutoa cheche), praima ndani na imefungwa. Hiyo praima watu huisahau, ni kile kipampu cha mkono cha kuwashia asubuhi, kikibaki wazi injini inavuta mafuta pale na inakohoa vilevile, utafute ugonjwa siku nzima na dawa ni kuzungusha kitufe. Nyuma ya kadi ni kutua bila injini, na moto.

Nimeprinti saiba, maandishi makubwa ya kusomwa na mtu anatetemeka, laminesheni bob 50.

Wiki ya 3, Jumapili

Mazoezi yameanza. Dadangu mdogo ndiye anazima injini. Anakaa nyuma yangu na kibodi, anachagua saa yake, mimi naruka simuleta kutoka Kisumu naenda mashariki juu ya Ahero na yeye anaweza kungoja dakika ishirini bila kufanya kitu, huyo mtoto ana roho mbaya. Mara ya kwanza sekunde 41. Kufikia jioni 19.

Wiki ya 4, Ijumaa

SEKUNDE 9. Vitu vyote sita. Nimerekodi video, nimetumia mwalimu kwa WhatsApp na emoji ya moto. Bado hajajibu, labda anaruka.

Wiki ya 4, Jumamosi

Leo sina raha ya kuandika lakini wacha niandike.

Dadangu alisoma upande wa nyuma wa kadi wakati mimi nilienda kununua mandazi. Tukaanza, nikaruka kama kawaida, na mahali pa kuzima injini akasema tu kwa sauti ya chini, "Bro, kuna moshi." Mikono yangu ilishaondoka. Joto, koki, mchanganyiko ndani, ufunguo, tap tap tap, sekunde 8, rekodi mpya, nikageuka nikicheka. Yeye hacheki. Ananionyesha kadi. Moto wa injini hewani: mchanganyiko NJE kabisa, koki FUNGA, swichi kuu ya stima ZIMA, hewa na joto la kabini FUNGA, kasi noti 100, na ukishazima hiyo injini huiwashi tena.

Kile kitufe chekundu ni kimoja. Injini ikikataa unakisukuma ndani, ikishika moto unakivuta nje. Na mimi nimejifundisha wiki nzima kukisukuma ndani bila kuuliza swali. Nimelisha moto mafuta kwa sekunde 8.

Jioni mwalimu akajibu. Voisi noti fupi: "Video nimeona. Hiyo sekunde tisa ni ya nani? Hebu niambie pua ilikua wapi."

Nikarudi kwa video. Pua ilikua juu. Kasi ilianza 90, nikimaliza vitufe vyangu ilikua 58 na inaendelea kuanguka. Kitu cha kwanza kwa kadi yangu mwenyewe, kwa maandishi makubwa, noti 65, ndio kitu pekee sikufanya, juu taima yangu ilikua inahesabu vitufe na kasi si kitufe.

Nikampigia. Akanifanyia hesabu. 172 bila injini kwa noti 65 inaenda kama maili moja na nusu za baharini kwa kila futi 1,000. Uko futi 3,000 juu ya mashamba ya Kano, una maili nne na nusu, zaidi ya kilomita nane, na una kama dakika nne kabla miguu iguse chini. "Dakika nne, kijana. Na wewe unakimbizana na sekunde tisa kama umeona kodi." Alafu akaniambia kitu kingine: siku ile ya barafu hakuchelewa kuniambia joto la kabureta kwa sababu ananijaribu, alikua kwanza anarekebisha pua, anaangalia nje, anasikiliza injini ni ya kukohoa ama ya kukatika. Mimi niliona ukimya tu.

Wiki ya 5, Jumatano

Nimebomoa programu nusu. Taima imetoka. Sasa simuleta inafunga vitufe vyote mpaka kasi ikae kati ya 60 na 70, ukivuta kitu kabla ya hapo hakisikii. Inaudhi sana, na nadhani ni sawa iudhi.

Nilikua nasoma pia ajali mbili usiku na zimenikaa. Kegworth, Uingereza, 8 Januari 1989, Boeing 737-400: pangaboi la injini ya kushoto limevunjika, marubani wakazima ya kulia. Na kitu kibaya ni kwamba walipopunguza nguvu mtetemo ukapungua kidogo, wakaamini wamepata. Watu 47 walikufa. Taipei, 4 Februari 2015, ATR 72 ya TransAsia: injini ya kulia imepoteza nguvu baada tu ya kuondoka, kapteni akarudisha nyuma ya kushoto, ile nzima. Watu 43. Hawa si watu walikua slo, hawa walikua wepesi. Ndio maana kwa ndege kubwa mmoja anashika kwanza, anataja jina la kile ameshika, na mwingine anaangalia anakubali, ndio kinavutwa.

Mimi niko peke yangu kwa kiti lakini kutaja naweza. Kwa hivyo sasa nagusa, nataja kwa sauti, ndio navuta. Jirani aligonga ukuta jana usiku saa nne akiuliza kama niko sawa, ati ananisikia nikiita "koki, zote mbili" kama mtu anakemea pepo.

Na moshi: kabla mkono uende kwa chekundu lazima niseme "hakuna moshi" ama "kuna moshi". Maneno mawili tu. Dadangu amejaribu kuninasa mara saba, amenipata moja.

Wiki ya 5, Jumapili

Leo hakuna dashibodi. Nilipanda boda mpaka Ahero kuangalia mashamba kwa macho, juu kwa simuleta yote ni kijani tu. Kutoka juu miwa inaonekana kama zulia, lakini iliyokomaa inakushinda urefu na itakamata bawa. Mpunga unaonekana umenyooka, tena ni tambarare kweli, lakini kuna maji na tope na vituta, gurudumu la mbele litazama na ndege ipinduke kichwa chini. Barabara ya Ahero ina nyaya za stima, ina boda, ina ng'ombe. Shamba lililovunwa, lile limebaki visiki, ama malisho, hapo ndio nataka. Na upepo: mchana unatoka ziwani, asubuhi unateremka kutoka milimani, moshi wa watu wakichoma majani ya miwa unakuonyesha bila kuuliza mtu. Mzee mmoja akaniuliza kama natafuta shamba la kukodi. Nikamwambia naangalia tu. Akasema wote huanzanga hivyo.

Upande wa kuondoka kuelekea ziwani nimeuandikia ukurasa wake. Uwanja wa Kisumu uko zaidi ya futi 3,700 juu ya usawa wa bahari, na siku ya nyuzi 30 injini na mabawa zinahisi kama ziko zaidi ya futi 6,000, ndege inapanda kwa uvivu. Injini ikikatika hapo futi 400, hakuna kadi. Pua chini, noti 65, mbele yako, maji ni maji, usigeuke kurudi. Nimejaribu kugeuka mara kumi kwa simuleta, mara tisa nimeanguka kabla ya ranwei na ile ya kumi sijui ilitokeaje.

Wiki ya 6, Alhamisi

Mwalimu alilala Kisumu jana, akaja. Alikaa kwa kiti changu cha plastiki na magoti yamegonga plaiwudi, dadangu akamwekea injini kukata juu ya Chemelil. Nilikua nimesubiri kuona mikono ya mtu wa maelfu ya masaa. Mikono haikufanya chochote. Pua ikashuka, kasi ikaenda 65 ikakaa, akazungusha kidogo gurudumu la trimu, lile linashikilia pua mahali umeiweka, akaangalia dirisha la kushoto, akaangalia la kulia, akasema "lile pale", akageuza. Ndipo akaanza vitufe, pole pole, akitaja, kama mama anahesabu pesa ya chama. Alafu akanyoosha mkono: "Kadi."

"Kapteni, si umeshafanya zote?"

"Lete kadi."

Akasoma yote tena kutoka juu, kidole kwa kila mstari. Praima ilikua wazi. Dadangu alikua ameifungua mwenyewe kabla tuanze, na wote wawili hatukua tumeona. Akaifunga, injini ikarudi.

Tukarudia bila nafasi ya kuwasha, mpaka chini. Akageuza kadi upande wa nyuma: flapu, vile vipande vya nyuma ya bawa vya kushuka pole, ukishajua utafika, mchanganyiko nje, koki funga, ufunguo zima, swichi kuu zima mwisho kabisa. Akamaliza, akatua kwa malisho, akavunja gurudumu moja tu kwa simuleta. Akabaki anaangalia kadi yangu.

"Mlango je?"

Mlango. Kabla ya kugusa chini unafungua kitasa cha mlango, ili fremu ikijipinda usikwame ndani. Kwa kijitabu upo. Kwa kadi yangu haupo, nimeprinti, nimelaminesha, nimefanya mazoezi wiki tatu, sijawahi kugundua haupo, juu dashibodi yangu haina mlango, mkono hauna kitu cha kutafuta.

Kadi mpya, bob 50 tena. Na nimempigia fundi wa Kibuye. Ameuliza mlango wenyewe unafungukia ndani ama nje. Nikamwambia nje, na uwe na kitasa cha kweli, na ukae kushoto karibu na kiwiko. Amesema hiyo ni bei ingine.